Msaidizi wa Nne wa Metroni

Dada yake bibi yetu alistaafu umetroni wa hospitali, ila umetroni wenyewe haukumtoka. Ukoo mzima ulimwita Metroni. Nyonga yake ilipovunjika aliajiri wasaidizi wa nyumbani mwenyewe, akawahoji mwenyewe sebuleni, akawafukuza mwenyewe. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kumgusa kabla ya kumwambia.

Watatu walishindwa.

"Mama, unatafuta msaidizi au malaika?" mwanawe alimtania kwenye simu. Kisha akaacha utani. "Huyu wa nne akiondoka, nakuja kukuchukua. Hutabaki peke yako humo ndani."

"Nyumba nimeijenga mimi. Nitatoka nikipenda."

Wa nne alikuja Jumatatu asubuhi, mwanamke mrefu wa makamo, sare imenyooka, kucha fupi. Metroni alizipenda kucha zile.

"Mgonjwa wako wa mwisho ulimwachaje?"

"Sikumwacha, mama. Nilikuwa naye mpaka mwisho."

Jibu lilimridhisha. Wiki mbili zikaenda bila neno. Alhamisi moja Metroni aliamka kutoka usingizi wake wa mchana kwa sababu ya baridi usoni. Vidole viwili vilikuwa juu ya kope zake. Vilikuwa vinazifunga.

"Hukuniambia," alisema.

"Ulikuwa umelala, mama."

"Ndiyo maana. Chukua vitu vyako."

Mwanamke hakubisha. Mlangoni aligeuka, akanong'ona, "Sijazoea kuacha kazi njiani."

Metroni alijikongoja akafunga komeo. Kwa mwanawe hakutoboa siri. Angepata msaidizi wa tano kabla mwanawe hajajua.

Ijumaa mchana alilala kidogo kama kawaida. Alipoamka, kucha za miguu zilikuwa zimekatwa. Tangu avunjike nyonga hakuwahi kuifikia miguu yake. Vipande vya kucha vilikuwa kwenye stuli, vimekunjiwa karatasi vizuri. Komeo lilikuwa mahali pake. Alijiambia labda zilikatwa juzi, akasahau. Metroni hakuwa mtu wa kusahau.

Jumamosi aliamka ameoshwa. Nywele zimechanwa, bado mbichi. Mikono imenyooshwa kando ya mwili.

Simu ikaita. "Msaidizi yupo, mama?"

Akisema hayupo, gari litakuja. Akisema kilichotokea, watasema ameanza kurukwa na akili, na gari litakuja vilevile.

"Yupo," alijibu.

Jumapili alikataa kulala. Alikaa kwenye kiti kigumu cha jikoni, redio juu, jua limejaa dirishani. Alihesabu vigae vya sakafu. Alihesabu tena.

Akaamka kitandani.

Redio imezimwa. Mto umeondolewa. Bendeji imepita chini ya kidevu na kufungwa utosini. Alitazama miguu. Vidole gumba vilikuwa vimefungwa pamoja, kwa fundo bapa, safi.

Fundo hilo alilijua. Kope, kucha, maji, nywele, mikono, kidevu, vidole. Miaka ishirini na sita aliwafundisha wauguzi wapya utaratibu huo, bila kuruka hatua. Ni wa kumwandaa maiti.

Ilibaki hatua moja. Shuka jeupe lilikuwa limekunjwa kando ya miguu yake, tayari.

Aliivua bendeji, akasuguanisha miguu mpaka fundo likaachia. Akapiga simu.

"Njoo unichukue."

"Leo? Na msaidizi?"

"Nilimfukuza Alhamisi."

"Mama! Na nyumba?"

Metroni aliangalia kuta alizozijenga. "Ifungeni. Njoo sasa. Tafadhali."

Mwanawe alisema baadaye kwamba neno hilo la mwisho ndilo lililomkimbiza. Hakuwahi kulisikia kinywani mwa mama yake.

Jioni hiyo, bafuni kwa mwanawe, mkamwana alimwogesha kwa adabu, akitaja kila hatua. "Nagusa bega, mama. Sasa nagusa mgongo."

Metroni alifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alipumua.

Sponji ikasimama.

"Mama," mkamwana alinong'ona, "kule nyumbani walikuwa wangapi?"

"Alikuwa mmoja."

Mkamwana alisugua tena, kwa sabuni, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alama za mgongoni hazikutoka. Vilikuwa viganja, vyeupe kama poda, vimepangana kuanzia mabegani hadi kiunoni, kama vya watu wanaosaidiana kumnyanyua mtu.

Vilikuwa vitano. Vyote vya mkono wa kulia.