Ombi Lako Limepokelewa

Siku ya punguzo la bei, duka la vitambaa limejaa pomoni, fundi cherehani alijikwaa kwenye waya, nusura aanguke na jora lake la satini. Mwisho wa waya alikuwapo kijana ameketi sakafuni, kompyuta mapajani, anaandika.

"Wee kaka, hapa dukani au ofisini kwako?"

"Samahani, dada. Kwangu umeme umekatika. Ofisi yangu ni popote penye umeme."

"Basi hata kaburini watakuchomekea!"

Kijana alicheka, akainuka kumbebea jora. Alikuwa na meno mazuri, mjinga yule, na kwa ajili ya meno hayo fundi alimpa namba yake ya simu. Akambatiza Bwana Waya.

Kazi ya Bwana Waya ilikuwa kujibu malalamiko ya wateja wa kampuni ya ng'ambo, akiwa chumbani kwake. Majibu ya kawaida aliyahifadhi kwenye simu. Gusa mara moja, jibu limekwenda. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. "Mpendwa mteja, busu lako tumelithamini," alimwandikia fundi, naye fundi akacheka peke yake juu ya pindo la gauni. Ila fundi saa kumi na moja hufunika cherehani, hata bibi harusi aje analia. Bwana Waya hakuwa na saa ya kufunga. Alijibu wateja mezani, njiani, hata midomo ya fundi ikiwa imeshamkaribia. "Dakika moja tu, laazizi." Fundi aliichukia dakika hiyo kuliko mke mwenza.

Siku moja akamwandikia: "Mama amekubali kukuona. Jumamosi saa saba, nyumbani. Shangazi atakuwepo. Utakuja?"

Jibu likaja papo hapo: "Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa. Asante kwa uvumilivu wako."

Utani wake uleule, fundi akawaza, akanunua viatu vipya.

Jumamosi saa saba ikapita. Saa nane. Simu ya Bwana Waya inatumika, inatumika, inatumika. Mama amekaa mezani na gauni lake la kanisani, chakula kimefunikwa. Shangazi alisema kwa niaba ya wote: "Mwanaume wa kuchelewa leo ni mwanaume wa kuchelewa siku zote." Saa tisa fundi akatoka, viatu vipya vinambana, hasira imempanda hadi utosini.

Alisukuma mlango wa chumba bila kubisha. Bwana Waya alikuwa mbele ya kompyuta, juu shati lililonyooshwa na tai, chini bukta ya mpira.

"Mama yangu ni mteja wako?" fundi akafoka. "Umemweka kwenye foleni?"

"Laazizi, niko kikaoni, dakika moja—"

"Soma ujumbe wangu! Sasa hivi, hao mabosi wako wakiona!"

Akasoma. Uso ukamshuka. Hakuwa amewahi kuusoma; kidole chake kilimjibu kama kinavyowajibu mamia wengine. Fundi alitamani iwe dharau. Dharau angeijibu. Huku kusahaulika kulimchoma zaidi, machozi yakamtoka, akazidi kukasirika kwa kuwa yanamtoka.

Bwana Waya aligeukia kompyuta. "Bosi, leo Jumamosi. Mkataba wangu ni Jumatatu hadi Ijumaa, na mwisho saa kumi na moja. Nimenyamaza mwaka mzima, kosa langu. Sinyamazi tena."

"Fikiria vizuri kabla ya—" sauti ya bosi ikaanza. Bwana Waya akaifunga kompyuta.

"Usinitazame kama umeua simba," fundi akasema. "Vaa suruali."

Mama aliwapokea mlangoni. Alimtazama kijana kuanzia tai hadi viatu.

"Nimekusubiri kwa saa tatu nzima, mwanangu."

"Nisamehe, mama. Sina cha kujitetea."

"Sijasema ujitetee. Kaa hapo kibarazani, kwenye kigoda, nawe usubiri kwa saa tatu. Simu nipe mimi. Ukimaliza, tutaongea habari ya binti yangu."

Mlango ukafungwa. Bwana Waya akakaa, magoti yakimfika kidevuni, mikono haijui pa kwenda. Ndani shangazi alicheka hadi akakohoa. Nusu saa ikapita, hakuinuka.

Mlango ukafunguka. Fundi alitoka pekupeku, amenuna, kabeba kigoda cha pili. Akakiweka kando ya kile cha kijana.

"Bado nina hasira na wewe," akasema, akakaa.