Pilipili Kwenye Maji ya Wenye Njaa

Kwanza ilikuwa sauti ya mtu anayemeza.

Gyeong-ran aliisikia nyuma ya shingo yake, hekaluni, wakati wa chakula cha asubuhi, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta. Sauti ilimeza kwa shida, ikakwama, ikajaribu tena. Alitamani kumuuliza dada yake, aliyekaa ubavuni pake, kama naye ameisikia, lakini kwenye mlo ule hakuna anayefungua mdomo. Watawa tisa wa kike walikuwa wamekaa sakafuni kwa mistari miwili, kila mmoja na mabakuli yake manne, na hata kijiko hakiruhusiwi kulia.

Ilikuwa siku ya arobaini na tisa tangu mama yao afariki. Saa nne jina lake lililoandikwa kwenye kibao cha karatasi lingesomewa dua na kuchomwa, naye angekwenda anakokwenda, na akishakwenda hakuna tena la kuambiana. Ndiyo maana Gyeong-ran alifunga duka lake la kushona kule mjini Daegu akapanda mabasi mawili hadi huku milimani. Alitaka mama aondoke akijua kwamba alipendwa. Siku za mwisho hakuwepo. Dada yake, Bok-hui, ndiye aliyeuguza, na kila Gyeong-ran alipopiga simu aliambiwa, "Usije, mdogo wangu. Mama kalala. Utamsumbua bure." Akatii. Mjinga yule, akatii.

Bok-hui naye alikuwa amekwisha. Wiki saba zilimwachia mifupa mitupu. Wali ukifika kooni, anaurudisha. Watu walisema ni majonzi, na Gyeong-ran alimwonea huruma hadi kulia.

Mlo wa hekaluni ukiisha, kila mtu huosha mabakuli yake palepale alipokaa, kwa maji na kipande cha figili. Maji machafu anayanywa mwenyewe, na maji safi ya mwisho anayamimina kwenye ndoo inayopitishwa. Maji hayo ni ya wafu wenye njaa. Matumbo yao ni makubwa, koo zao ni nyembamba kama uzi, na hakuna kingine wanachoweza kukimeza. Chembe moja ya chakula ikiwamo, hasa pilipili, koo huwashika moto. Watoto wa huko wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma.

"Lete," Bok-hui alinong'ona. "Mikono yako inatetemeka."

Akalichukua bakuli la mdogo wake, akalifuta vizuri kwa figili, akamrudishia. Ndoo ilipofika, Gyeong-ran akamimina bila kutazama. Moyoni alikuwa anasema, huyu ndiye dada.

Mtawa mkuu, bibi Jaun, ana kawaida ya kuinama juu ya ndoo kabla haijatolewa nje. Aliinama. Hakuinuka upesi.

"Nani ametia pilipili?" aliuliza.

Vumbi jekundu lilikuwa linaelea. Na asubuhi ile jikoni hawakutumia pilipili hata punje, kwa heshima ya marehemu. Ndipo ule ukuta nyuma ya Gyeong-ran ukakohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima aliyepaliwa, na harufu ya dawa za wodini ikamwagika chumbani, nzito, imechanganyika na harufu ya wali ulioshika chini ya sufuria, na watawa wote, ambao tangu wanyoe nywele hawajawahi kugeuka katikati ya mlo, wakageuka.

"Aliyetia ayanywe," alisema bibi Jaun kwa sauti ya chini. "Halafu akamwombe marehemu radhi mbele ya kibao, kabla hakijachomwa. Kikishachomwa, mimi sina dawa."

Wote walimtazama Gyeong-ran, kwa kuwa yeye ndiye aliyemimina mwisho. Yeye alitazama vidole vya dada yake. Kucha zilikuwa nyekundu.

Gyeong-ran alimkuta dada yake nje, penye mitungi ya mchuzi wa soya.

"Dada, umefanya nini?"

Bok-hui alikuwa na kipande cha keki ya mchele mkononi. Akauma, akatafuna, akameza. Machozi ya raha yakamlengalenga.

"Imepita," alisema. "We Gyeong-ran, imepita!"

"Nimekuuliza kitu."

"Usipaze sauti, watatusikia." Akasogea karibu. "Daktari alikataza mama kupewa chakula. Kikienda mapafuni, kwisha. Yeye haelewi. 'Bok-hui, uji. Bok-hui, kidogo tu.' Mchana kutwa, usiku kucha. Utayajulia wapi wewe? Hukuwepo."

"Si ulinikataza nisije!"

"Siku moja nikachoka. Nikamwambia, Gyeong-ran ndiye kasema usipewe. Hakuomba tena mpaka anakata roho."

Gyeong-ran alimshika dada yake ule mkono wenye kucha nyekundu.

"Alipokufa akaja jikoni kwangu kukutafuta wewe," Bok-hui aliendelea. "Kila nikitaka kula ananiuliza uko wapi, na koo langu linafunga. Mganga akaniambia mama ataniacha siku utakayomwunguza kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo hivyo, umemwunguza."

"Twende umwambie ukweli. Neno moja tu, dada. Nakupigia magoti."

"Ili arudi kwangu?" Bok-hui alijipangusa midomo. "Mwambie mwenyewe. Si wewe kipenzi chake? Atakusikia."

Akachukua kipande cha pili.

Gyeong-ran alirudi ndani, na kwa kuwa mkono ulioyamimina ulikuwa wake, akayanywa maji ya ndoo peke yake mpaka yakaisha. Dunia nzima angeweza kuisamehe asubuhi ile, isipokuwa mkono uliomfutia bakuli.

Saa nne ngoma ilipigwa, naye akapiga magoti mbele ya kibao chenye jina la mama yake, jua limejaa mlangoni, ubani unapanda, watawa wanaimba, na ile sauti ya kumeza ikaacha ukuta ikaja begani, ikatoka begani ikaja chini ya kidevu, ikapenya, na alipofungua mdomo aseme yale maneno matatu tu aliyoyabeba, mama, si mimi, koo lake likajikunja, likabana, likawa jembamba hata pumzi ikapita kwa mluzi, akajaribu tena, akajikwaruza shingo kwa kucha, akamwonyesha dada yake kwa kidole, na waliomwona wakadhani ni kilio cha mtoto aliyechelewa kuja kumuuguza mamaye.

Bibi Jaun alisubiri kadiri alivyoweza. Kisha akaiwasha karatasi.

"Amekwenda salama," alisema, na watu wakainama. Bok-hui aliinama kuliko wote.

Ndani ya koo la Gyeong-ran, kwa upole, bila hasira hata kidogo, mama yake akamuuliza:

"Mwanangu, nilikukosea nini?"