Shogi la Kilo Arobaini

Du-du. Du. Du-du. Du.

Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa, na bado Sindano aliijua pikipiki ile. Pikipiki nyingine hulia kama nyuki. Hii ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kama babu aliyekalia kiti chake na hataki kuulizwa. Akatema uzi aliokuwa ameung'ata, akafungua.

Dada yake akaingia akiwa ameipanda. Kiti chini, usukani juu, tangi pana kama mgongo wa nyati. Watu walimwita Gia. Akaizima katikati ya marundo ya sponji na viti vya magari ambavyo mdogo wake alivishona kwa riziki yake.

"Haya, fundi. Ivishe."

JUMATATU, SAA NNE ASUBUHI

Chumba cha nyuma kilikuwa na watu wanne. Msumari, mwenye mpango: aliongea kwa sauti ya chini ili watu wamsogelee, na wakishasogea hawakutoka. Kufuli, aliyelinda mlango wa karakana ya sonara miaka mitatu mpaka akafukuzwa. Gia, mwendeshaji. Na Sindano, ambaye hajawahi kuiba hata yai.

Msumari alichora kwa chaki juu ya meza ya kukatia ngozi.

"Keshokutwa, saa nane na robo mchana. Sonara anafungua kabati kuwatolea mafundi wake dhahabu. Mlinzi mmoja. Kilo arobaini, vipande. Tunatoka mlango wa nyuma, tunampakia Gia. Yeye anapita vichochoro visivyopitika kwa gari. Sisi tunaondoka na pikapu, mikono mitupu. Wakitusimamisha, sisi ni mafundi viti. Saa tisa tunakutana hapa."

"Naipakia ndani ya nini?" Gia akauliza.

Swali hilo likawala nusu saa. Mezani palikuwa na aina tatu. Kufuli aliyapenda masanduku magumu ya plastiki, yenye funguo zake.

"Wewe ungeweka kufuli hata kwenye suruali," Gia akamwambia.

"Mwizi hamwamini mwizi."

"Yakianguka yanapasuka," Sindano akasema.

Begi kubwa la turubai, la kufunga nyuma ya kiti, Gia alilisukuma kwa kiwiko. "Kilo arobaini juu ya tairi la nyuma? Kilima cha kwanza, usukani utanitazama usoni."

Ikabaki mikoba ya ngozi. Miwili, mmoja kila ubavu, imeunganishwa kwa mkanda mpana unaopita chini ya kiti.

"Shogi," Gia akacheka. "Mmeshanifanya punda wenu."

"Midogo," Msumari akasema.

"Mikubwa mno," Sindano akasema.

Wote wakamgeukia. Shingo ikamwaka moto, lakini aliendelea, kwa maana hapo palikuwa kwake. "Dhahabu ni ndogo machoni, nzito mgongoni. Kilo ishirini hazijazi birika. Msichague upana, chagueni kitako na kishikio. Nitapiga ngozi mbili chini, uzi wa nta, ribiti. Pembeni chuma, mkoba usiguse tairi wala bomba la moshi. Ishirini kulia, ishirini kushoto. Mkizidisha upande mmoja, kona ya kwanza inamlaza."

"Na bolti," Gia akasema. "Nne kila upande. Sitaki kitu kinachocheza nyuma yangu."

"Kufungua bolti nane ni dakika kumi," Msumari akasema.

"Basi utangoja kumi. Mgongo ni wangu."

Msumari akatabasamu. "Bolti."

JUMANNE, SAA TANO ASUBUHI

Msumari alirudi peke yake. Akaupapasa mkoba uliokuwa mezani kama anayepapasa mbwa wa mtu.

"Mdogo wangu, nataka pini. Moja kila upande, chini ya kifuniko, ishike na mkanda wenyewe. Nikivuta, mkoba mkononi."

"Na bolti?"

"Acha vichwa vionekane. Viwe pambo."

"Gia atawaka."

"Ndiyo maana hatajua. Si unamjua? Tutabishana mpaka polisi watuletee viti tukae. Ni haraka tu." Akakigeuza kiganja cha Sindano, akazitazama sugu zake. "Mji mzima huu, hakuna mkono mwingine unaoweza kuificha pini hiyo."

Sindano alikuwa na miaka thelathini. Hakuna aliyewahi kuusifu mkono wake.

"Ukishavuta," akauliza, "Gia anaondokaje?"

Msumari aliutazama mkoba, si yeye. "Gia ana pikipiki."

Lilikuwa jibu, lakini lilikuwa na tundu, na Sindano aliliona tundu lile kama anavyoona mshono ulioruka. Akashika msharasi wake mkali, akatoboa ngozi.

Aliijaribu pini mikoba ikiwa mitupu. Klik. Ikatoka kama siagi. Kuijaribu na kilo ishirini, kwenye mashimo ya barabara, kulitaka Gia aendeshe, naye angeuliza. Kazi ya siri haijaribiwi.

JUMATANO, SAA NANE NA ROBO MCHANA

Kufuli aligonga mlango wa nyuma kwa ishara yake ya zamani: mara mbili, kisha mara moja. Mlinzi akafungua akicheka, "Wewe bado hujafa?" Nondo ya Kufuli ikamjibu mdomoni. Meno yakatawanyika sakafuni kama mahindi. Kufuli akampiga tena, na tena. Alipoacha, mlinzi alikuwa na uso usio na mpangilio.

Msumari na Sindano wakaingia nyuma yake. Ndani, sonara na mafundi wake wanne. Jiko la gesi linavuma. Kabati wazi.

"Chini!" Msumari, bastola mkononi.

Wanne wakalala. Wa tano, mama wa makamo mwenye miwani ya kazi, alikuwa ameshika bakuli la tindikali ya kusafishia dhahabu. Hakulala. Alimmwagia Kufuli usoni.

Sindano hakuwahi kusikia mtu akilia hivyo. Kufuli alijikwaruza, na kilichotoka kwenye kucha zake hakikuwa jasho. Msumari akampiga mama yule risasi ya bega. Kisha akamgeukia Kufuli, akamtazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Macho yangu! Kaka, nishike mkono! Nishike!"

Msumari akamshika mkono. Akampiga risasi chini ya kidevu.

"Angetutaja," akasema. "Beba."

Sindano akabeba. Miguu ilikuwa yake, lakini haikumuuliza.

SAA NANE NA DAKIKA ISHIRINI NA MBILI

Kichochoroni, Gia hakuzima injini. Sindano alipakia: kipande kulia, kipande kushoto. Damu ya Kufuli ilikuwa kwenye shati lake.

"Kufuli yuko wapi?"

"Anafuata," Msumari akasema, akiwa amesimama nyuma ya Sindano. Mdomo wa bastola uligusa mbavu zake, wala haukugandamiza. Uligusa tu, kama jirani anayebisha hodi.

Sindano akainama kufunga kifuniko. Sikio la dada yake lilikuwa shubiri moja kutoka mdomoni mwake. Neno moja lilitosha. *Pini.*

"Polepole kwenye mashimo," akasema.

"Leo?" Gia akacheka, akatia gia, akaondoka.

Nyuma yao king'ora kikaanza.

SAA TISA KASORO DAKIKA TANO

Karakana ya viti. Msumari aligeuza pikapu ielekee nje, akaacha ufunguo ndani yake. Akakaa juu ya sponji, bastola pajani.

"Ukikaa kimya, utapanda na mimi," akasema. "Fundi kama wewe hatupwi."

Sindano akauelewa mpango wote: mikoba ipande pikapu, Gia abaki chini. Msharasi ulikuwa mezani, mkono mmoja kutoka alipo. Na mkono ule uliosifiwa haukuinuka.

Du-du. Kkh. Du.

Sauti ilikuwa mbovu. Gia aliingia kwa kuyumba, mkoba mmoja ubavuni, wa pili mapajani, ameukumbatia juu ya tangi. Suruali ilikuwa imechanika, goti limechunika hadi pakaonekana peupe.

"Mkoba ulidondoka darajani, ukanilaza," akasema. Hakumtazama Msumari. "Nikageuka kuuokota. Polisi wakaniona. Nimewapoteza, labda kwa dakika tatu." Akatoa kitu mfukoni, akakirusha. Kikalia mbele ya viatu vya Sindano. Pini. "Niliomba bolti. Huu mshono ni wa nani?"

Sindano akafungua mdomo.

Msumari akafyatua risasi.

Gia alikwenda kando na pikipiki ikaenda naye, chuma chote kile na dhahabu yote ile, juu ya mguu wake. Msumari akamsogelea, akavuta mkoba uliobaki. Klik. Akauweka begani. Akashusha bastola kuelekea kichwa cha Gia, bila chuki, kama anayezima taa.

Hapo mkono ukainuka. Msharasi ukaingia chini ya sikio la Msumari mpaka mpini. Akageuka, risasi ikapasua kioo, na Sindano akauchomoa, akachoma tena, shingoni, tundu kwa tundu, akilia kama mtoto, mpaka kilo ishirini zikamvuta Msumari chini, akakaa, kisha akalala.

Pikipiki hakuweza kuiinua. Alijaribu kwa mabega, kwa mgongo. Akapiga magoti. Tundu lilikuwa chini ya mbavu za dada yake, na damu ilikuja kwa mapigo. Akaliziba kwa kiganja.

"Ulijua?" Gia akauliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jana. Nilijifanya sijui."

Gia akageuza uso, akatazama tairi lililokuwa bado linazunguka. Ving'ora vikaingia mtaani. Milango ya magari ikafunguliwa.

"Mikono juu!" sauti ikapiga kelele nje. "Wote! Mikono juu, au tunapiga!"

"Nimeuona ufunguo ndani ya pikapu," Gia akanong'ona. "Uzio wa nyuma ni mabati. Nenda, mjinga wewe."

"Nikiutoa mkono utakwisha."

"Usipouinua watakupiga."

"Mikono juu! Mara ya mwisho!"

Sindano akainua mmoja, wa kushoto, mtupu, mwekundu hadi kiwikoni. Wa kulia akaugandamiza zaidi. Akainama kwenye lile sikio ambalo kichochoroni alilinyima neno moja, akasema kwa sauti, wao wasikie na yeye asikie:

"Wanipige wakitaka, dada. Mkono huu hautoki hapa mpaka daktari aweke wake."