Sinia la Idi

Kila asubuhi kabla ya shule, Adila na mama yake, Chausiku, walimenya mihogo uani kwao Kiwangwa huku wakitaniana. Tangu mwezi wa Rajabu, Adila alimenya peke yake. Mama alikuwa hoi, na macho yake yalikuwa ya manjano kama nanasi bivu.

Ijumaa moja kulikuwa na maulidi. Wanawake walipozunguka sinia la pilau, jirani yao, Mama Nasrin, alimtengea Chausiku sahani ya peke yake.

"Usinione mbaya, shoga. Homa ya ini inaambukiza."

Adila alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama hakugusa hata tonge moja.

Jumatatu wakaenda hospitali. Baada ya vipimo vya kwanza, Daktari Yunus akawaita.

"Virusi vya homa ya ini hatukuviona. Unakunywa pombe?"

"Astaghfirullahi! Sijawahi."

"Dawa za mizizi je?"

"Hapana."

Adila alijua hiyo si kweli. Chupa ya mizizi ilikuwa chini ya kitanda, na mama alikuwa amemwonya kwamba ya nyumbani hayatoki nje.

"Samahani, daktari," alisema Adila. "Anakunywa. Lakini macho yalianza kwanza, chupa ikafuata."

Mama alimkata jicho. Daktari alitabasamu.

"Umenisaidia sana, binti. Basi mizizi siyo chanzo, ila aiache leo hii, isije ikamzidishia. Tutapima kingamwili. Hao ni walinzi wa mwili, lakini mara nyingine hukosea wakampiga mwenye nyumba."

Damu ilipelekwa Dar es Salaam, kisha kipande kidogo cha ini kikachukuliwa kwa sindano. Wiki tatu baadaye majibu yakaja.

"Kingamwili zako zinalishambulia ini lako," alisema daktari. "Ugonjwa huu hauambukizi, wala hukuutafuta. Dawa zitautuliza, ila usiziache bila kuniuliza."

Chausiku alilia kwa furaha. "Alhamdulillahi! Kumbe sina la kumwambukiza mtu!"

Idi ya kuchinja ilipofika, macho yake yalikuwa meupe. Wanawake walipozunguka sinia, Mama Nasrin, ambaye alishasikia majibu ya daktari, alisogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kaa hapa, shoga. Nisamehe."

"Leo huniogopi?" Chausiku alimtania, wakacheka wote. Kisha akamvuta Adila karibu.

"Siku ile nilitaka kukufinya, mwanangu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliificha chupa, wewe ukasema kweli. Ndiyo maana leo nimerudi kwenye sinia."

Akamega tonge la kwanza, akamlisha.