Gorgo Asiye na Macho

Anayejikuna ajikune sasa. Nikianza sisimami.

Zamani sana, huko Ugiriki, palikuwa na binti mdogo, Melita. Baba yake alikuwa mfinyanzi, na nyumba yao ilinuka udongo na moshi.

Baba alichora watu weusi kwenye mitungi myekundu. Mashujaa, farasi, na jitu lenye kichwa cha ng'ombe.

Jicho alilitia mwisho, kwa ncha ya sindano. Kwaru, kwaru.

"Asiye na jicho haoni," alisema Baba. "Asiyeona halindi."

Siku moja akampa Melita kibao cha udongo. Amchore Gorgo, atundikwe kwenye mlango wa tanuri.

Gorgo alikuwa mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele. Akikutazama, unakuwa jiwe. Jiwe kweli, la kukaliwa na kuku.

Sasa mtu mbaya hivyo wa nini nyumbani? Ni kwa sababu ya Pasua.

Pasua alikaa ndani ya tanuri. Alikuwa na vidole virefu, na kazi yake ilikuwa kuvunja vyungu vya watu. Alimwogopa Gorgo peke yake.

Melita akachora nyoka. Akachora meno. Akachora ulimi nje, kama mtoto asiye na adabu.

Ikafika zamu ya macho. Mkono ukakataa: akipata macho, si atamfanya jiwe? Melita akaiweka sindano chini, asimwambie Baba.

Baba hakuangalia, alikuwa na haraka zake. Akatundika kibao, akawasha moto. Mitungi ya kiangazi kizima ilikuwa mle ndani.

Jua likaanza kushuka. Baba akaenda nyuma ya nyumba kuchanja kuni.

Tuku. Tuku. Tuku.

Kuna mtu anatembea ndani ya moto.

Ta! Mtungi mmoja umekwenda.

"Gorgo wenu hana macho," ikasema sauti mle ndani, kavu kama kuni. "Leo navunja mpaka nichoke."

Ta! Wa pili.

Asiye na jicho haoni. Asiyeona halindi.

Melita akaokota sindano. Lakini utamtiaje Gorgo macho bila kumtazama?

Akakumbuka mtungi mmoja wa Baba. Palichorwa kijana anamwendea Gorgo, lakini hamtazami. Anatazama ngao yake inayong'aa, anamwona humo.

Ngao Melita hana. Bakuli la maji analo.

Akaliweka mbele ya tanuri, akampa Gorgo mgongo. Ndani ya maji akaona nyoka, meno, ulimi.

Akapeleka mkono nyuma, juu ya bega. Kwaru.

Kitu kikapumua shingoni mwake. Ssss.

Miguu ilitaka kukimbia. Melita akaikatalia. Kwaru.

Ndani ya maji, macho mawili yakafunguka.

Nyayo zikasimama. "Anaona," ikasema sauti, ndogo sasa kama ya mbu.

Tukutukutuku, juu, kwenye tundu la moshi, nje. Kimya. Mitungi iliyobaki haikuguswa tena.

Baba akarudi na kuni. Akamtazama Gorgo, akashika kiuno.

Maji hugeuza kulia kuwa kushoto. Gorgo alikuwa na makengeza! Jicho moja lilitazama tanuri. La pili lilitazama dirisha la Melita.

Melita akamweleza yote. Baba akachukua sindano ayanyooshe yale macho.

"Mwache hivyo hivyo, Baba," akasema Melita. "La tanurini ni lako. La dirishani ni langu."

Baba akacheka, akamwacha.

Melita akala, akanawa miguu, akajilaza kwenye mkeka wake.

Nje kitu chenye vidole virefu kikapita. Tuku. Tuku. Kikafika dirishani.

Kikaliona jicho. Kikaenda zake.

Asiye na jicho haoni. Mwenye jicho halali.

Gorgo anakesha. Wewe fumba macho yako.