Pungufu ya Chumba Kitupu

Asubuhi ya siku ya tatu namba ilipanda tena, na ile ilikuwa namba ya kushuka tu.

Mpimaji alidhani macho yanamdanganya. Ndani ya chumba cha chuma alikuwa amelala mdogo wake, fundi wa kuchomelea ambaye karakana nzima ilimwita Cheche, huku mashine ikihesabu mionzi inayotoka kifuani mwake. Alikuwa amekata bomba kuukuu lililosemekana limesafishwa, akavuta vumbi lake. Vumbi la namna hiyo hupungua mwilini siku hadi siku. La Cheche lilianza themanini, likawa mia na sitini, na leo lilikuwa mia tatu na ishirini. Kazi yenyewe ni yeye dada mtu aliyemtafutia, na roho ilimuuma vibaya.

"Umeoga vizuri kweli?" aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Nimejisugua mpaka basi, dada. Ukitaka nijichune ngozi, sema."

Dada mtu akacheka. Kisha akasikia kwenye spika pumzi za mdogo wake, na nyuma yake pumzi nyingine, nzito, inayochelewa kidogo. Harufu ya chuma kilichoungua ilipenya kwenye mlango uliofungwa.

"Dada," Cheche alinong'ona. "Nani huyu amenikalia kifuani?"

Daktari wa kiwanda, mzee mkavu asiye na mzaha, alipoitwa alisikiliza spika na wala hakubisha.

"Lile bomba lilizibwa wewe hujazaliwa," alisema kwa sauti ya chini. "Walimfungia jini humo. Sasa amepanda vumbi na kuingia kwa pumzi. Dawa ni ile ile, inakamata vumbi kwenye damu na kulitoa kwa mkojo. Vumbi likitoka, naye anatoka. Lete chupa ya mkojo."

Tone la kwanza la dripu lilipoingia mshipani, Cheche alikata mkanda wa kitanda kama uzi, akamkaba daktari shingo na kumbamiza ukutani hadi miwani ikavunjikia usoni, akageuka akamtupa dada yake juu ya meza ya vifaa, na muda wote huo alikuwa akilia kwa sauti yake mwenyewe, "Sio mimi, dada, haki ya Mungu sio mimi," huku mbavu zake zikisukumwa kutoka ndani, moja ikavunjika, ya pili ikavunjika, na kitu chenye vidole kikitambaa chini ya ngozi ya tumbo, kikishuka, kikikwama, kikishuka tena. Mpimaji alimrukia akamkalia mapajani, damu ikimtoka mdomoni, chupa ameishika kwa mikono miwili.

Mkojo ulitoka mweusi, unachemka. Mvuke wake ukampiga usoni, akavuta pumzi kwa mshtuko, kisha akakaza kifuniko na kuandika tarehe kama alivyozoea. Cheche alilegea, akalala fofofo.

Kesho yake dada mtu aliwahi kazini. Kila asubuhi mashine hupima kwanza chumba kikiwa kitupu, kwa kuwa hata kuta zina mionzi yao kidogo, kisha huitoa hesabu hiyo kwenye ya mgonjwa. Lakini alikuwa na pupa ya kumwona mdogo wake amepona, basi akaiacha mashine ihesabu huku yeye yumo ndani anafuta kitanda. Ni kosa dogo, alijiambia.

Cheche aliingia na bendeji zake, akalala. Safari hii spika ilitoa pumzi za mtu mmoja.

"Dada, najisikia mwepesi. Nina njaa, naweza kula hiki kitanda."

Mpimaji alilia kwa furaha. Dakika kumi zilipotimia, namba ikatokea: hasi mia sita na arobaini.

Daktari, plasta puani, aliinama kuisoma. "Hakuna mtu mwenye pungufu ya chumba kitupu," alisema polepole. "Asubuhi nani alikuwa humu ndani?"

Mpimaji alifungua mdomo ajibu. Harufu ya chuma kilichoungua ilikuwa inatoka mdomoni mwake.

"Dada," Cheche aliuliza kutoka ndani, "mbona unapumua mara mbili mbili?"

"Sio mimi," alisema akilia, na mkono wake ulikuwa umeshaishika shingo ya daktari.