Niliomba Chungu Kipigwe kwa Sababu ya Rangi Iliyomwagika Barazani

Sikuwa na gari. Sikuwa na cheti zaidi ya kile cha ngumbaru na kile cha masomo ya jioni. Sikuwa na mtoto wa kiume. Sikuwa na meno ya juu upande wa kushoto.

Na Alhamisi ile, ilipofika saa kumi na robo jioni, sikuwa tena na stoo, sikuwa na mbuzi wangu wawili, na sikuwa na nyusi!

"Baba Diana, toka humo stoo! Paa linashuka!"

Huyo ni mke wangu, Elizabeth. Nilitoka nikipapasa, macho yanawaka, nywele zinanuka.

Katikati ya moshi nikamwona mtu amesimama ndani ya uzio wangu. Mkononi ana dumu la lita ishirini. Tupu.

Melkizedeki! Jirani yangu kwa miaka thelathini na mbili!

"Umenichomea!" nikapiga kelele.

"Baba Diana, nisikilize kwanza..."

"Umenichomea, na mwanangu mjamzito yumo ndani!"

Ndugu zangu, stoo ile ilikuwa imegusana ukuta na chumba alicholala Diana. Alikuwa amekuja kwetu Kikwe kujifungulia kwa mama yake. Mimba ya miezi minane. Majirani walimtoa dirishani, amefunikwa shuka lililoloa maji.

Hakuungua. Lakini ule ukelele wake... mpaka leo naamka nao.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mnielewe.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa barazani napaka rangi ya mbao kwenye mlango mpya. Baraza langu ni la matofali ya kuchoma. Niliyapanga mwenyewe, tofali kwa tofali, nikiwa na miaka sitini na moja. Mgeni akifika kwangu hukaa hapo kwanza kabla hajaona kitu kingine.

Nikarudi hatua moja nyuma niutazame mlango. Kisigino kikapiga kopo.

Lita nzima! Rangi nyekundu kama mbao ya mkongo ikaanza kutambaa kwenye matofali, inaingia kwenye viungo, inanywewa kama chai.

Hapo ndipo Melkizedeki, tuliyezoea kuitana shemeji, alipopita na pikipiki yake ya maziwa. Akasimama.

"Shemeji, umechinja ng'ombe barazani?"

"Endelea na safari yako."

"Aah, mie nauliza tu. Nyama iko wapi?"

Nilikuwa na hasira, nikamrushia neno kuhusu ng'ombe wake aliyekula migomba yangu. Naye akanirushia la mpaka wa shamba. Tukapandishiana mpaka wanawake wakatoka majikoni. Mwisho akawasha pikipiki akasema kwa sauti, kila mtu alisikia:

"Leo utanitambua!"

Akaondoka.

Mimi nikarudi kwenye matofali. Nisiwafiche, kazi ile niliifanya vizuri. Sikukimbilia kusugua, maana ukisugua rangi mbichi unaizamisha. Nilimwaga unga wa mbao, nikauacha unywe, nikaufagia. Nikamwaga mwingine. Kisha tapentaini kwenye matambara, nagandamiza na kuinua, nagandamiza na kuinua. Mwisho sabuni ya unga, maji ya moto na brashi ngumu. Kufika saa sita lilibaki doa la rangi ya waridi tu.

Elizabeth akaniuliza, "Maelezo ya kwenye kopo umeyasoma?"

"Nimesoma yote," nikamjibu.

Nilikuwa nimesoma mistari miwili ya juu. Iliyobaki ilikuwa Kiingereza cha herufi ndogo ndogo, na miwani ilikuwa ndani.

Nikakusanya matambara yote, kumi na moja, pamoja na ule unga wa mbao. Nikashindilia kwenye kiroba, nikafunga kamba, nikakisukuma stoo wanakofungwa mbuzi, juu ya majani yao makavu. Kwa heri, nikaenda kula.

Saa nne baadaye, kimenuka!

Siku ya pili tukaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Watu wamejaa mpaka nje.

"Dumu lilikuwa na nini?" mwenyekiti akamuuliza Melkizedeki.

"Maziwa."

Watu wakaangua kicheko.

"Maziwa?"

"Nilikuwa natoka kuyachukua. Nikaona moto. Nikamwagia nilichokuwa nacho. Ningefanyaje, niende kwanza kisimani?"

"Wewe mtu wa hesabu kali hivyo," akapaza mmoja, "umwagie moto maziwa lita ishirini? Nani atafanya hivyo?"

"Ulisema atakutambua!" mwingine akadakia.

"Nilitaka kumshtaki kwa mwenyekiti! Mambo ya mpaka! Niseme mara ngapi?"

Hakuna aliyemwamini. Mimi wa kwanza.

Mwenyekiti akasema ushahidi hautoshi. Nikapagawa. Nikasimama mbele ya watu wote, mimi mzee wa kanisa, mimi ninayesoma somo la kwanza madhabahuni kila Jumapili ya pili, nikasema:

"Basi chungu kipigwe!"

Akina mama wakawavuta watoto wao karibu.

Kwa msiokijua chungu, niwaeleze. Kipo kwa mzee anayekitunza. Kwetu ni babu Kaanaeli, huko juu mlimani. Anakigonga mbele ya watu, analitaja kosa, hamtaji mtu. Kinamtafuta chenyewe mwenye kosa na kumuua. Lakini hakianzi na yeye. Kinaanza na mdogo kabisa wa ukoo wake.

Mdogo kabisa!

Msiniulize kama naamini. Mimi ni Mlutheri. Lakini nimezaliwa huku.

Nikadhani Melkizedeki atatetemeka. Akanitazama usoni, akasema taratibu:

"Kipige. Hata leo kipige."

Elizabeth alinivuta koti. "Baba Diana, umefanya nini?"

Babu Kaanaeli akatoa siku saba. Sharti lake likaletwa na mjumbe: mwenye kosa akikiri kabla ya siku hiyo, kwa jina lake na jina la baba yake, chungu kinawekwa chini. Akishindwa kwenda mwenyewe, aandike. Babu hasikii vizuri na hana simu, mkewe humsomea.

Siku zikaanza kuhesabika. Hakuna aliyenunua maziwa ya Melkizedeki. Nilikuwa namwona akirudi na madumu yamejaa, anamwagia nguruwe. Watoto wakimwona wanakimbia.

Na mimi nikafurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Siku ya tano nikaenda mjini kununua kopo jingine, kwani mlango ulikuwa umepakwa nusu. Duka ni la Iqbal, karibu na soko. Tunajuana toka enzi za baba yake.

"Mzee wangu, shikamoo. Hii tena? Si ulichukua mwezi huu huu?"

"Marahaba. Ilimwagika barazani. Nimeisafisha kwa matambara kumi na moja!"

"Pole sana. Na matambara ulianika?"

"Nianike takataka?"

Iqbal akaacha kufunga kopo.

"Mzee, hii ina mafuta. Matambara yake hayarundikwi. Unayatandaza juani moja moja, au unayazamisha kwenye maji. Ukiyarundika yanapata joto yenyewe kwa yenyewe, yanawaka."

"Yanawaka... bila kiberiti?"

"Bila kiberiti. Ona, wameandika hapa."

Kidole chake kilikuwa kwenye zile herufi ndogo. Safari hii nilikuwa na miwani. Nikasoma neno kwa neno, midomo inacheza. Nilifika mwisho, nikarudia.

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji.

"Mzee, vipi? Presha?"

Nilikuwa nasikia "Kipige. Hata leo kipige." Mtu mwenye hatia hasemi vile!

Nilifika nyumbani nikiwa bado najibishana na Iqbal kichwani. Anatia chumvi. Wahindi wanapenda kutisha watu. Kitambaa hakiwezi kujiwasha, sisi si watoto.

Kesho yake, siku ya sita, nikaamua kujua. Nikachukua matambara, nikayalowesha rangi ile ile. Nikatia unga wa mbao. Nikashindilia kwenye ndoo ya bati, nikaiweka katikati ya uwanja mtupu, juani. Pembeni nikaweka ndoo mbili za maji. Nikakaa kwenye kigoda.

Saa ya kwanza, hakuna kitu. Nikacheka peke yangu.

Saa ya pili nikaingiza mkono. Vuguvugu. Ni jua hilo, nikasema.

Saa ya tatu nikaingiza tena.

Nikautoa haraka! Ndani kulikuwa na moto kuliko nje!

Diana akaja polepole, mkono kiunoni.

"Baba, tangu asubuhi unailinda ndoo. Una nini?"

"Rudi ndani."

"Inanuka kama siku ile, baba..."

Uzi mwembamba wa moshi ukapanda. Wa pili. Mimi sijagusa kitu, kiberiti kiko jikoni. Kisha katikati ya matambara kukatokea jicho jekundu, na mwali ukaruka!

Nikamwaga ndoo zote mbili. Nilibaki nimezishika.

Diana hakupiga kelele. Alishika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Baba," akasema, "chungu ni kesho."

Ndugu zangu, nimewahi kukutana na chui msitu wa Meru. Nimewahi kusombwa na mto. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiangalia ile mikono ya binti yangu juu ya lile tumbo. Mdogo kabisa wa ukoo wangu alikuwa hajazaliwa bado, na mimi babu yake ndiye niliyemwitia kifo, kwa mdomo wangu, mbele ya kijiji!

Elizabeth alipoelezwa alifunga mlango wa jikoni.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu."

"Basi sema umesamehe. Wewe ndiye uliyelalamika, waambie umemwachia Mungu. Watakusifu."

Nilitamani sana. Ningetoka pale nikiwa mtu mwema, mzee wa kanisa aliyemsamehe adui.

"Babu Kaanaeli hataki msamaha, anataka jina," nikasema.

"Utamwandikia kimya kimya..."

"Na Melkizedeki je? Nikimsamehe, atakuwa mchomaji mpaka siku ya kuzikwa. Mchomaji aliyesamehewa."

Elizabeth akafungua mlango wa jikoni. Baadaye akaenda kuleta karatasi yenye mistari na bahasha.

Nimejifunza kuandika nikiwa mtu mzima, kwa taa ya chemli, mikono imejaa sugu za jembe. Nimeandika barua nyingi za watu wa hapa kwa majigambo. Hii ilinichukua karatasi nne.

Kisha nikaenda kwenye uzio. Melkizedeki alikuwa anafunga madumu, anajiandaa kupanda mlimani kuchukua maziwa ambayo hana wa kumuuzia.

"Shemeji," nikaita.

"Usiniite hivyo."

"Unapita kwa babu Kaanaeli. Nina barua yake."

"Mimi ndiye mchomaji, halafu ndiye tarishi wako?"

"Naomba nikusomee kwanza."

Nikasoma, karatasi inapepea.

"Mimi Sifaeli mwana wa Ndetaulwa nakiri kwamba stoo yangu niliichoma mimi, kwa matambara ya rangi niliyoyashindilia bila kusoma onyo. Jirani yangu Melkizedeki hakuchoma. Alimwaga maziwa yake lita ishirini kuokoa nyumba yangu na mwanangu, na mimi nikamwita mchomaji. Weka chungu chini. Jumapili nitayasema haya kanisani nikiwa nimesimama."

Akafungua kamba ya dumu, akaifunga upya.

"Ulijua lini?"

"Leo saa nane."

"Na ungeweza kukaa kimya."

"Ningeweza."

Akakuna shingo. "Sijakusamehe. Tuelewane hapo."

"Tumeelewana."

"Na yalikuwa lita kumi na tisa. Moja nilikunywa njiani."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Nikataka kuirekebisha barua, akanikataza. "Iache hivyo hivyo. Funga."

Ninyi mnaosoma hapa, matambara ya rangi ya mafuta yatandazeni juani moja moja, au yazamisheni majini. Hilo ni la mikono. La mdomo ni hili: usimtaje mtu kabla hujachungulia ulichoweka mwenyewe. Na kama umeshamtaja mbele za watu, msafishe mbele za watu hao hao.

Nikaikunja karatasi mara tatu. Nikalamba gundi ya bahasha, nikaigandamiza kwa kidole gumba mpaka pembeni, nikampitishia juu ya uzio. Akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Akapiga kiki mara mbili, pikipiki ikawaka, na barua yangu ikaanza kupanda mlima.